Meza Iliyoelekea Barabara ya Beni

Sikitu binti Maulidi hakuwa mtu wa kupendwa na wengi, na mwenyewe hilo halikumnyima usingizi. Pale soko la Beni alipouza chumvi na samaki wakavu, mteja aliyeshikashika bidhaa bila kununua aliambiwa aurudishe mkono wake mahali alipoutoa. Mbele yake wanawake wenzake walimwita Mama Sofia, kwa jina la binti yake. Nyuma yake walimwita pilipili. Walimwogopa, lakini walinunua kwake, kwa sababu chumvi yake haikuchanganywa na mchanga.

Mtu mmoja tu aliishi naye bila ugomvi: mumewe Jumaine, dereva wa lori lililoteremsha viazi na vitunguu kutoka milima ya Kipese hadi Beni. Jumaine alicheka ovyo, aliimba ovyo, na sikio lake lilijulikana mji mzima. Madereva wengine walimwita asikilize injini zao. Alikuwa akisimama mikono nyuma, kichwa upande, kisha akisema ni kitu gani kimelegea, na mara nyingi hakukosea. Sikitu akimkaripia, alimjibu kwa kumwimbia maneno yake mwenyewe ya ukali mpaka naye acheke. Alimpenda mtu yule kupita kiasi, na kwa sababu hakujua kupenda taratibu, alimpenda kwa kelele.

Chuki yake kwa sindano ya mgongo ilianza zamani, akiwa na miaka tisa. Wakati ule Wabelgiji walituma watu wao wa dawa kule bondeni chini ya Mutwanga, karibu na mto Semliki, kutafuta ugonjwa wa malale. Wanakijiji walipangwa mstari, wakapapaswa shingo. Aliyekutwa na uvimbe alikunjwa, akashikwa na askari wawili, akachomwa uti wa mgongo na kutolewa maji. Hakuna aliyeelezwa chochote. Baba yake Sikitu, mzee Maulidi, alichomwa kabla ya mwezi wa Ramadhani, na kabla ya Ramadhani nyingine alikuwa kaburini. Kusema kweli, mzee yule alikuwa akisinzia na tonge la bugali mkononi miezi mingi kabla sindano haijamgusa. Ugonjwa ulikuwa ndani tayari, sindano ilikuja kuutafuta tu. Lakini nenda kamwambie hivyo mtoto aliyeona baba yake akishikwa kama mwizi. Ukoo mzima ulikubaliana kwamba maji ya mgongo ndiyo uhai wenyewe, na anayetolewa amekwisha.

Uhuru ukaja, na miaka michache baadaye wakaja waasi walioitwa Simba. Walipita na kuua, kisha jeshi la serikali likarudi na kuua pia, na waliobaki hai wakaanza kutazamana. Waislamu wa Beni walitazamwa zaidi. Ilisemwa kwamba wao ndio waliowaonyesha waasi njia. Mtu mwenye kofia ya kufuma akipita, watu walinyamaza, na Sikitu alikuwa akisimama katikati ya ukimya huo kuuliza nani ana neno.

Ilikuwa mwaka wa sitini na tano, mwanzo wa mvua, Jumaine aliporudi safari ya Kipese siku ya Jumapili akilalamika kichwa. Walidhani ni malaria kama kawaida. Jumatatu alitapika, akaomba dirisha lifunikwe kwa sababu mwanga ulimchoma macho. Jumanne alfajiri shingo ilikuwa ngumu kama mti, na alikuwa akizungumza na abiria ambao hawakuwapo. Dawa za Beni zilikuwa zimeporwa zote, mara mbili, na pande zote mbili. Daudi, mdogo wake Jumaine, akaleta lori, wakamlaza nyuma juu ya magunia, wakaelekea Butembo.

Kwenye kizuizi cha njiani askari waliona kofia ya Daudi, wakasema kwa Lingala, "Kita," yaani teremka, na mgonjwa naye akateremshwa. Walitaka kujua kama hilo ni jeraha la vita. Sikitu aliwaambia wamtazame vizuri kama wana macho. Kwa neno hilo Daudi alipigwa makofi mawili na wote wakawekwa juani muda mrefu. Walipofika hospitali ya misheni, moyo wa Sikitu ulikuwa umejaa sumu, na ilibaki kutafuta tu pa kuimwaga.

Hospitali ile haikuwa na daktari tena. Wazungu wake walikuwa wameondoka, na kazi yote ilikuwa mikononi mwa muuguzi mmoja, Kakule, mtu wa milimani, Mprotestanti, kiongozi wa nyimbo kanisani kwake. Alikuwa fundi, hilo halina ubishi, na alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu. Lakini Simba walikuwa wamemuua kaka yake mkubwa, na Kakule aliamini kwamba Waislamu walihusika. Hakuwa na ushahidi, wala hakuutafuta. Hakumnyima mtu yeyote dawa. Alichowanyima Waislamu ni maneno. Mgonjwa wa kanisa lake alielezwa kila jambo polepole, hadi bibi yake aelewe. Mwislamu alitibiwa kimyakimya kama mbuzi.

Basi aliinua kichwa cha Jumaine, akaona hakikunjiki, akawaambia wasaidizi wampeleke chumba cha ndani. Sikitu akauliza anapelekwa kufanywa nini. Kakule akajibu neno moja la Kifaransa, ponction, kisha akamwambia atoke nje. Kwa nini asingemwambia zaidi? Kwa sababu hakutaka. Ningependa kumtetea, lakini siwezi.

Sikitu alitoka nje, akazunguka nyumba, akachungulia dirishani. Mumewe alikuwa amevuliwa shati, amelazwa mezani kwa ubavu wa kulia, uso wake umeelekezwa ukuta wa upande wa barabara ya Beni. Sasa, Mwislamu hulazwa kaburini kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea Maka, na mtu aliyeko Butembo akitaka kuelekea Maka huelekea, kwa kukadiria, barabara ya Beni. Na nyuma ya Jumaine alisimama mtu anayewachukia, ameshika sindano ndefu kwa mkono wa kushoto, mkono ambao Sikitu alifundishwa tangu utoto kwamba ni wa kunawia uchafu.

Ukweli ulikuwa mdogo na wa kijinga. Anayechoma kwa mkono wa kushoto huona nafuu mgonjwa akilala ubavu wa kulia. Meza ilikuwa imewekwa hivyo kwa ajili ya mwanga wa dirisha. Kakule hakujua Maka iko wapi wala hakuwahi kuuliza. Lakini Sikitu aliona maiti inayolazwa kabla ya kufa. Aliingia kwa kishindo, akamsukuma msaidizi, akamkumbatia mumewe na kumvuta kutoka mezani, chupa ikaanguka na kuvunjika.

"Unamulaza bwana yangu ku kaburi na angali anapumua," alisema. "Munganga gani weye? Baba yangu balimutoboa hivihivi. Hapana tena mutu yangu."

Kakule alitazama chupa iliyovunjika, na zilikuwa zimebaki chache. Alimwambia basi amchukue, akamuulie kwao. Maneno hayo aliyasema mbele ya watu, naye Sikitu akayashika kuwa ni ungamo. Daudi alijaribu kumsihi shemeji yake, akaambiwa kama anataka kuchomwa alale yeye.

Wakampeleka Jumaine nyumba ya jamaa mmoja mfanyabiashara wa vitambaa, hapohapo Butembo. Shehe mmoja aliandika kombe, maneno ya Kurani yakaoshwa kwa maji, mgonjwa akanyweshwa kwa kijiko. Jumatano ikapita hivyo. Jumaine hakuimba, hakuzungumza na abiria wake tena, alikuwa akiunguruma tu. Alhamisi asubuhi mwili wake ulikazika wote, macho yakageuka meupe, povu likatoka. Shehe mwenyewe ndiye aliyesema kazi yake imefika mwisho, na kwamba kusoma hakukatazi dawa. Alisema pia kwamba kama angeulizwa siku ya Jumanne angesema hivyohivyo. Sikitu hakuwa amemuuliza. Alikuwa amemwamuru aandike.

Akarudi hospitali, na kurudi kule kulimuuma kuliko makofi aliyopigwa Daudi. Kwenye uwanja wa kupikia alimkuta mama mmoja, Florentine, akimenya viazi, na kando yake binti yake wa miaka sita anacheza na maganda. Florentine alimtambua yule mwanamke wa kelele za Jumanne. Hakumcheka. Alimwambia tu kwamba mtoto huyo alichomwa sindano hiyohiyo wiki iliyopita, shingo yake ilikuwa hivihivi. Kakule alimweleza yote mapema. Mgonjwa hukunjwa magoti hadi tumboni na kidevu kifuani, ili mifupa ya mgongo iachane. Mtu wa nyumbani humshika asitikisike. Mgongo hupakwa dawa ya baridi, huchomwa chini kabisa, karibu na kiuno, na mgonjwa husikia kitu kinasukuma zaidi ya kuuma. Maji hutoka tone moja moja, hayazidi vijiko viwili, na mwili hutengeneza mengine. Baadaye hulazwa chali bila mto siku nzima, hunyweshwa sana, na akiinuka haraka kichwa humgonga siku mbili tatu. Maji yakiwa safi kama ya chemchemi, shukuru. Yakiwa na ukungu, ndiyo wanajua wapige dawa gani.

Sikitu alimsikiliza amesimama. Mambo yote ambayo Kakule angeyasema Jumanne kwa muda wa kuvuta sigara moja, ameyapata Alhamisi kwa mmenya viazi. Aliuliza swali moja tu: kama mtoto huyu alilazwa ubavu gani. Florentine alicheka kidogo, akasema ubavu wa kulia, wote hulazwa hivyo, kwa ajili ya ule mkono wake.

Kakule alipowaona mlangoni hakusema karibu. Alimpapasa Jumaine, uso wake ukabadilika, akaagiza maji yachemshwe. Mara hii hakumfukuza Sikitu. Alimwambia atamshika mwenyewe, ili asije akasema tena watu wamemuua. Wakamwingiza chumba kilekile, meza ileile, na Sikitu akasimama mbele ya meza asisogee.

"Mumugeuze ule upande mwingine," alisema. "Na ushike na mukono ya kuume."

"Mukono yangu ya kuume hapana jua ile kazi," Kakule alimjibu. "Chagua, mama. Huu wa kushoto, ao kaburi."

"Basi uso. Uso usiangalie njia ya Beni. Ni vile tunalaza bafu betu ku kaburi."

Kwa mara ya kwanza Kakule alimtazama usoni. Kisha alishika meza kwa mikono miwili, akaivuta kutoka ukutani, akaigeuza yote, kichwa kikaja kule miguu ilikokuwa, akaisogeza tena karibu na mwanga. Miguu ya meza ilikwaruza sakafu. Haikuchukua hata dakika moja. Jumaine akalazwa ubavu uleule wa kulia, uso sasa umeelekea njia ya Lubero, na hakuna aliyepungukiwa kitu. Wote wawili waliitazama ile meza, na kila mmoja alijua kwamba hata Jumanne ingeweza kugeuzwa hivyohivyo, kama mmoja angesema na mwingine angeuliza. Walizidi kuchukiana.

Sikitu alimkunja mumewe, mkono mmoja nyuma ya magoti, mwingine nyuma ya shingo, paji lake la uso likagusa lake. Alisikia joto lake. Alisikia mwili ukishtuka sindano ilipoingia, akamkaza zaidi, huku akimnong'oneza sikioni kila neno tamu ambalo hakuwahi kumwambia mchana. Hakujua kama anasikia. Upande wa pili tone la kwanza lilianguka ndani ya chupa. Yalianguka mengine, polepole, mpaka akahisi anaweza kuyahesabu maisha yake yote.

Kakule alichomoa sindano, akabandika kipande cha plasta, akainua chupa dirishani. Hayakuwa maji ya chemchemi. Yalikuwa kama maji ya kuoshea mchele.

"Ni usaha ku kichwa," alisema. "Penisilini iko, tutamupiga. Mais mardi, ile Jumanne, maji ingekuwa na afadhali, mama. Siku mbili ni mingi. Kama ataamuka na kitu moja kinakosa, usiniulize."

Alisema bila hasira, na ndiyo maana ilimchoma. Sikitu alitafuta tusi la kumrudishia. Alikuwa na matusi ya kutosha soko zima, lakini siku hiyo hakupata hata moja.

Siku tatu hakulala. Alimlaza Jumaine chali kama alivyoambiwa, akamnywesha chai kwa kijiko, akamfukuza Daudi aliyetaka kumwekea mto. Kakule alikuja kila baada ya saa kadhaa na sindano ya paja, akachoma, akaondoka. Siku ya nne homa ilishuka. Jumaine alifumbua macho akaona chumba, watu, binti wa Florentine akipiga kopo kwa kijiko, Daudi akimshukuru Mungu kwa sauti.

"Juu ya nini munanyamaza wote?" aliuliza.

Hakuna aliyekuwa amenyamaza. Sikitu alimwita jina. Akaliita tena kwa nguvu, watu wakageuka hadi uwanjani, lakini yeye aliendelea kuzungusha macho akingoja mtu aseme kitu. Kisha mkono wake ukashuka taratibu nyuma ya kiuno, ukaikuta plasta. Akamtazama mkewe.

"Balinitoboa mugongo," alisema, na sauti yake tayari ilikuwa kubwa mno kwa chumba kile. "Njo ile sindano imekamata masikio?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya Sikitu kusema kweli. Jumaine alikuwa anamtazama yeye peke yake, mtu pekee aliyempenda bila ugomvi, akitaka jibu ambalo halihitaji hata ulimi. Sikitu aliitikia kwa kichwa. Mlangoni Kakule alikuwa amesimama na sindano ya saa nne, akaona, akamaliza kazi yake na kwenda zake.

Udereva ulikwisha. Kwenye barabara za miaka ile, dereva asiyesikia askari akisema simama hapewi nafasi ya pili. Daudi alichukua lori, na Jumaine akawa anakaa sokoni Beni kando ya mkewe, akipima chumvi. Hakuwa mtu wa kinyongo, lakini kisa kile alikipenda. Kila mteja alisimuliwa, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mabucha, habari za muuguzi wa Butembo mwenye mkono wa kushoto aliyemtoboa mgongo na kumwiba masikio. Jina alilitaja. Watu walisikitika, wakanunua. Sikitu alifunga chumvi kwenye majani na kuinamisha macho, na wanawake wenzake wakaanza kusema kwamba matatizo yamempoza. Hayakuwa yamempoza hata kidogo. Alikuwa akijitukana kimoyomoyo tangu asubuhi hadi jioni, na kwa hiyo wateja walipumzika.

Mwaka uliofuata, siku ya soko, alikuja mwanamke kijana aliyeitwa Léa, wa familia ya Kiprotestanti ya hapo Beni, na mtoto mgongoni. Hakuja kununua. Mtoto alikuwa na homa ya siku mbili, kichwa chake kimerudi nyuma na hakirudi mbele, na dispensari walimwambia ampeleke Butembo upesi akachomwe mgongo. Gari la mwisho lilikuwa likipakia pale pembeni. Lakini alikuwa amesikia habari za Baba Sofia, kama kila mtu alivyosikia, na alitaka kujua kwa wenyewe kabla ya kupanda.

Jumaine alimwona mtoto, akaiona ile shingo, akaelewa bila kusikia. Alisimama. Alimwambia asithubutu, akageuka kuonyesha kiuno chake, akamtaja Kakule, akagonga sikio lake kwa kidole. Watu wakaanza kukusanyika. Léa alikuwa analia, na alikuwa amekwisha kurudi hatua moja nyuma, upande wa nyumbani kwao.

Sikitu alizunguka meza ya chumvi, akamshika mkono.

"Unisikie miye," alisema mbele ya wote. "Hapana sindano. Sindano njo ilimuponyesha. Ni miye nilimuvuta akatoka ku meza siku ya kwanza, nikamuficha siku mbili. Masikio yake ni miye nilikamata. Ule munganga alisema kweli. Panda ile gari sasa, na umushike mutoto weye mwenyewe, usiogope."

Léa alimtazama, akafunga kitenge vizuri, akakimbilia garini.

Jumaine alikuwa ameifuatilia midomo ya mkewe kutoka mwanzo hadi mwisho, na nyuso za watu zilivyobadilika kwa kushtuka. Alitikisa kichwa kwa kuridhika na kumwekea Sikitu mkono begani.

"Munamusikia?" aliwaambia watu wote kwa ile sauti yake kubwa. "Alikuwako. Aliona yote. Mwenyewe anabaambia."

Sikitu alirudi nyuma ya meza, na kwa kuwa mteja aliyefika kabla ya Léa bado alikuwa amesimama, akampimia chumvi yake.